Chuma chenye punje za nanomita: kwa nini mitetemo ya nishati ndogo inaongezeka huku kilele cha juu kikififia?

Mwanafuwele aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Ninaandaa tasnifu kuhusu mitetemo ya atomu katika chuma chenye punje (fuwele ndogo zilizoshikamana kuunda metali) za ukubwa wa nanomita, na nimefika mahali ambapo ninayoyaona kwenye grafu zangu na ninayoyasoma katika makala mbalimbali hayalingani vizuri, kwa hiyo naomba msaada wa wenye uzoefu.

Kazi yangu ni ya uigaji wa kompyuta. Nimeunda sampuli ya chuma ambamo wastani wa kipenyo cha punje ni nanomita 8, nikaipasha moto na kuipoza ili mipaka ya punje itulie, kisha nikaacha atomu zitetemeke kwenye halijoto ya kelvini 300 huku nikihifadhi velositi zao kwa vipindi sawa. Kutokana na velositi hizo ninakokotoa mgawanyo wa mitetemo kwa nishati, yaani ni mitetemo mingapi iliyopo katika kila kiwango cha nishati. Nimefanya vivyo hivyo kwa fuwele moja kamili ya chuma ili nipate cha kulinganisha. Nishati zote nitazitaja kwa milielektronivolti, kwa kifupi meV.

Kwa fuwele moja ninapata picha inayojulikana: vilele vya mawimbi mkingamo kati ya meV 22 na 28, kilele chembamba cha mawimbi ya mgandamizo karibu na meV 36, kisha mgawanyo unakatika kabla ya kufika 40. Kwa chuma cha punje ndogo mambo matatu yanabadilika. Kati ya takribani meV 2 na 15 mitetemo imeongezeka waziwazi, hata mstari wa punje ndogo unakaa juu ya ule wa fuwele moja katika eneo lote hilo. Kilele cha meV 36 kimeshuka na kutanuka, ingawa hakijahama sana. Tena upo mkia unaovuka meV 40, mahali ambapo fuwele moja haina mtetemo wowote.

Kinachonitatiza ni kwamba chuma hichohicho kinaonekana kulegea na kukaza kwa wakati mmoja. Baadhi ya maandishi yanasema chanzo ni udogo wa punje wenyewe, kwa maana kwamba mawimbi yamefungiwa katika nafasi finyu. Mengine yanasema chanzo ni mipaka kati ya punje. Msimamizi wangu anaelekea kwenye maelezo ya kwanza, nami nayaona ya pili kuwa na uzito zaidi, lakini sina hoja ya kuyatetea. Je, kuna njia ya kuyapambanua? Na je, ni sahihi kuandika kwamba nyongeza hii ya mitetemo huongeza joto maalumu la metali na kwamba entropi yake husaidia punje ndogo zisikue?

Mkokotozi alijibu:

Ndugu Mwanafuwele, hoja unayoitafuta ipo, na inaanza na hesabu fupi ambayo ningependa uifanye mwenyewe kwa kasi za sauti za potenshali unayotumia, yaani kanuni ya nguvu kati ya atomu katika uigaji wako.

Wimbi refu kuliko yote linaloweza kusimama ndani ya punje ya nanomita 8 lina urefu wa mara mbili ya kipenyo, yaani nanomita 16. Mawimbi mkingamo katika chuma husafiri kwa takribani mita 3,200 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi hilo hutetemeka mara bilioni 200 kwa sekunde, na nishati yake ni karibu meV 0.8. Sasa, kama punje zingekuwa zimetengana kabisa, kufungiwa huko kungeondoa mitetemo iliyo chini ya meV 0.8, hakungeongeza mitetemo kati ya 2 na 15. Maelezo ya ufinyu yanaelekeza upande usio wake, na yanagusa nishati ndogo mno kuliko zile ambazo umeona mabadiliko. Zaidi ya hayo, punje zako hazijatengana. Zimeshikamana, na wimbi refu linapita kutoka punje moja hadi nyingine bila kujali sana mpaka uliopo katikati. Chembe iliyo peke yake, yenye uso ulio wazi, ni suala jingine, kwa sababu atomu za uso zina majirani wachache na hutetemeka kwa ulegevu. Lakini hata huko nyongeza inatoka usoni.

Geukia basi mipaka. Chukulia punje kuwa duara na mpaka kuwa tabaka lenye unene wa nanomita 1, ambalo kila punje inamiliki nusu yake. Kwa kipenyo cha nanomita 8, sehemu ya ndani ni 7/8 kwa kipeo cha tatu, ambayo ni asilimia 67. Kumbe theluthi nzima ya atomu zako ziko mpakani! Kwa punje za nanomita 20 sehemu hiyo inashuka hadi asilimia 14, na kwa punje za nanomita 100 ni asilimia 3 tu, ndiyo maana metali ya kawaida, ambayo punje zake hupimwa kwa maikromita, haionyeshi lolote kati ya haya. Ukiunda sampuli za vipenyo tofauti na ukakuta nyongeza ya eneo la meV 2 hadi 15 inafuata sehemu hii ya atomu za mpakani, utakuwa na ushahidi ambao msimamizi wako hataupuuza.

Kuhusu kulegea na kukaza kwa pamoja, wala hakuna ukinzani. Katika mpaka wa punje, atomu hulazimika kutosheleza mipangilio miwili ya fuwele isiyoelekeana, na matokeo yake ni kwamba umbali kati ya jirani na jirani unatawanyika: baadhi ya jozi zimetengana kuliko kawaida na nyingine zimebanwa. Vifungo vilivyovutwa hutoa mitetemo ya polepole, vilivyobanwa hutoa mitetemo ya haraka. Mkia wako unaovuka meV 40 unatoka kwa hawa wa pili. Wala mkia huo hauhitaji atomu nyingi, kwa kuwa ukakamavu wa kifungo hauongezeki na kupungua kwa ulinganifu. Ukizisogeza atomu mbili karibu kwa asilimia 2, ukakamavu unapanda zaidi ya unavyoshuka ukizitenganisha kwa kiasi hichohicho.

Kuna jambo la kuzingatia upande wa chini pia. Nadharia aliyoitoa Debye mwaka 1912 inasema kwamba kwa nishati ndogo mgawanyo wa mitetemo huongezeka kwa mraba wa nishati, ukigawanywa kwa kasi ya sauti kwa kipeo cha tatu. Kipeo hicho cha tatu kina nguvu kubwa: kasi ikipungua kwa asilimia 10 tu, mitetemo ya nishati ndogo huongezeka kwa asilimia 37. Hata hivyo usiishie hapo. Moduli za unyumbufu za metali ya punje ndogo iliyoshindiliwa vizuri hupungua kwa kiasi kidogo, pengine asilimia 5, na hilo hupunguza kasi kwa asilimia 2.5 na kuongeza mitetemo kwa asilimia 8 hivi. Ikiwa grafu yako inaonyesha nyongeza kubwa kuliko hiyo, kulegea kwa jumla hakutoshi kuieleza, na inabidi ukubali kwamba kuna mitetemo iliyojikita mpakani kwenyewe.

Njia ya kuthibitisha ni kuzigawa atomu kwa makundi. Tumia uchanganuzi wa majirani wa pamoja, ambao karibu kila programu ya kutazama atomu inao, utenge atomu zenye mpangilio kamili wa chuma na zile zisizo nao, kisha ukokotoe mgawanyo wa mitetemo wa kila kundi peke yake. Mahesabu ya namna hiyo yalifanywa na Derlet, Van Swygenhoven na wenzao mwaka 2001 kwa nikeli na shaba, na nyongeza ya nishati ndogo ikaonekana kuwa ya atomu za mpakani. Binafsi naona hiki ndicho kipengele ambacho uigaji unakishinda kipimo chochote cha maabara: sisi tunaweza kuiuliza atomu moja moja inatetemeka vipi.

Spektra alijibu:

Nakubaliana na Mkokotozi kwa sehemu kubwa, lakini kwa kuwa Mwanafuwele atalinganisha matokeo yake na vipimo, ni vema ajue vipimo hivyo vinaona nini na haviioni nini.

Njia mbili ndizo zimetoa data nyingi. Ya kwanza ni utawanyaji wa nyutroni, ambapo nyutroni huingia ndani ya sampuli, hupokea au hutoa nishati kwa mitetemo, na mabadiliko ya nishati yake hupimwa. Ya pili inatumia eksirei za sinkrotroni (mashine inayozungusha elektroni kwa kasi kubwa) zilizorekebishwa karibu na nishati ya kiloelektronivolti 14.4, ambayo ni nishati ya mwamko wa kiini cha isotopu ya chuma-57. Eksirei ikipungukiwa au ikizidi kwa meV chache, kiini hakiwezi kuinyonya isipokuwa mtetemo wa atomu utoe au uchukue tofauti hiyo, na kwa hiyo idadi ya viini vinavyoamka inachora mgawanyo wa mitetemo moja kwa moja. Kiini kilichoamka hubaki hivyo kwa wastani wa nanosekunde 141 kabla ya kurudi, hivyo mpimaji anahesabu tu miale inayochelewa na kuiacha ile inayotawanyika papo hapo. Msingi wa haya yote ni ugunduzi wa Mössbauer wa mwaka 1958, lakini vipimo vya mitetemo kwa njia hii vilianza mwaka 1995.

Tofauti kati ya njia hizi ni muhimu kwa swali lako. Nyutroni huona kila kitu kilichomo katika sampuli. Unga wa chembe za nanomita una eneo kubwa mno la uso, na uso huo hushika maji na haidrojeni hata ukitunzwa kwa uangalifu. Kila atomu ya haidrojeni hutawanya nyutroni karibu mara 7 kuliko atomu ya chuma, na kwa kuwa ni nyepesi sana, mitetemo yake yenyewe huonekana kwa nguvu inayozidi hata hapo. Mtu asiyeondoa uchafu huu anaweza kuandika makala nzima kuhusu mitetemo ya haidrojeni akidhani anaeleza metali. Eksirei za chuma-57, kinyume chake, haziwezi kuiona haidrojeni wala oksijeni, kwa sababu viini vyake haviitiki. Lakini tahadhari: atomu ya chuma iliyofungwa na oksijeni bado ni atomu ya chuma, na mitetemo yake inafika juu ya meV 40. Kwa hiyo ukiona mkia wa juu katika data ya maabara, usiufananishe haraka na mkia wa uigaji wako. Wako ni wa vifungo vilivyobanwa kwa sababu hukuweka oksijeni. Wa maabara unaweza kuwa wa kutu nyembamba isiyoonekana kwa macho.

Kipimo kinachotajwa mara nyingi kuhusu chuma ni kile cha Brent Fultz na wenzake cha mwaka 1997, na kiliona mambo mawili kati ya matatu uliyoyataja kwa uwazi kabisa: nyongeza ya nishati ndogo na kutanuka kwa kilele cha mawimbi ya mgandamizo. Mwaka mmoja baadaye nyutroni zilionyesha nyongeza ya nishati ndogo katika nikeli pia. Hapa ndipo ningependa kutofautiana kidogo na Mkokotozi, ambaye ameupita upana wa kilele bila kuusema. Kundi la Fultz liliueleza upana huo kwa kuchukulia kila mtetemo kuwa unafifia, yaani fononi (wimbi moja la mitetemo ya atomu) inaishi muda mfupi kwa sababu inagonga mpaka kabla haijatetemeka mara nyingi. Kitu kinachodumu kwa muda mfupi hakiwezi kuwa na nishati iliyo bayana, na kilele kinatanuka. Ukichukua mgawanyo wa fuwele moja na kuutanua kwa namna hiyo, unapata umbo linalokaribia sana lile lililopimwa. Mimi naiona picha hii kuwa ya haki, maana inatumia kigezo kimoja tu na inaeleza kilele na sehemu ya nyongeza ya chini kwa pamoja, kwa kuwa mkia wa kila kilele kilichotanuka unamwagika kuelekea nishati ndogo.

Neno la mwisho kuhusu historia, kwa sababu utakutana nalo. Katika miaka ya 1980, Herbert Gleiter na wenzake walipoanza kutengeneza metali hizi kwa kuzigandisha kutoka mvuke na kuzishindilia, lilitolewa pendekezo kwamba mpaka wa punje ndogo hauna mpangilio wowote, kama gesi iliyogandishwa. Uchunguzi wa baadaye kwa hadubini za elektroni na kwa uigaji umeonyesha mipaka inayofanana na ile ya metali ya kawaida. Makala za zamani zinazoripoti mabadiliko makubwa mno ya unyumbufu zisome ukijua kwamba sampuli nyingi za wakati huo zilikuwa na matundu na nyufa, na tundu hulegeza metali kuliko mpaka wowote.

Mwanafuwele aliandika:

Nawashukuru sana. Nimetenga atomu kwa makundi kama Mkokotozi alivyoelekeza, na picha imekuwa wazi kuliko nilivyotarajia: mgawanyo wa atomu za ndani ya punje unakaribia ule wa fuwele moja katika nishati ndogo, na nyongeza karibu yote iko kwa zile za mpakani. Mkia wa juu pia ni wao. Lakini kilele cha meV 36 kimetanuka kidogo hata kwa atomu za ndani, jambo linalonirudisha kwenye maelezo ya Spektra kuhusu fononi zinazoishi muda mfupi. Je, kuna njia ya kupima kama upana huo ni wa muda mfupi wa kuishi au ni wa mpangilio usio kamili? Na lile swali langu la joto maalumu na entropi bado linanisumbua, kwa sababu sura nzima ya tasnifu inalitegemea.

Halijoto alijibu:

Nitashika upande wa joto, upana wa kilele nawaachia wengine.

Anza na kikomo ambacho mitetemo haiwezi kukivuka. Tangu Dulong na Petit mwaka 1819 inajulikana kwamba joto maalumu la yabisi rahisi hukaribia jouli 25 kwa moli kwa kelvini, na nadharia ya mitetemo inaeleza sababu: kila mtetemo, uwe wa haraka au wa polepole, ukishapata halijoto ya kutosha hubeba kiasi kilekile. Kwa hiyo kuhamisha mitetemo kutoka nishati kubwa kwenda ndogo kunaifanya metali ikifikie kikomo mapema zaidi, lakini hakupandishi kikomo chenyewe. Chuma kina halijoto ya Debye, yaani ile ambayo karibu nayo hata mitetemo ya haraka huwa imeamka, ya karibu kelvini 470, na kwa kelvini 300 mchango wa mitetemo yake tayari ni takribani asilimia 88 ya kikomo. Hata kama ungeilegeza mitetemo yote bila mpaka, usingeweza kuongeza zaidi ya asilimia 14 hivi ya ilichonacho, na kwa kulegea halisi kwa sampuli yako ongezeko litakuwa dogo mno, kiasi cha asilimia moja au mbili.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mwaka 1987 Rupp na Birringer walichapisha vipimo vya paladiamu na shaba zenye punje ndogo, kati ya kelvini 150 na 300, ambavyo kwa paladiamu vilitoa ongezeko la asilimia 29 hadi 53. Namba hizo hunukuliwa hadi leo kama sifa ya nanofuwele. Lakini paladiamu kwenye kelvini 300 iko kwenye asilimia 96 ya kikomo! Mitetemo ya kawaida ya atomu za paladiamu haina mahali pa kuipata nusu nyingine. Ongezeko kubwa kiasi hicho lazima litafutwe kwingine, na haidrojeni aliyoitaja Spektra inastahili kushukiwa kwanza, kwa sababu paladiamu huinyonya kwa wingi, na kila atomu ya haidrojeni inakuja na mitetemo yake mitatu ya ziada. Usiandike, basi, kwamba mitetemo yako inaongeza sana joto maalumu kwenye halijoto ya chumba. Andika kwamba athari yake inaonekana kwenye halijoto za chini, makumi machache ya kelvini, ambako ni mitetemo ya nishati ndogo tu inayoamka na ambako nyongeza yako ina uzito wake kamili. Vilevile inaonekana katika mtawanyiko wa atomu kutoka mahali pake, kwa kuwa mtetemo wa polepole huisogeza atomu mbali zaidi kuliko wa haraka. Wastani wa mraba wa msogeo huo unaweza kukua kwa kiasi kinachopimika hata pale joto maalumu lisipotikisika.

Kuhusu entropi, fanya hesabu nami. Tuseme mitetemo ya atomu za mpakani imelegea kwa wastani wa asilimia 5, na atomu hizo ni theluthi ya zote. Entropi ya ziada kwa kila atomu ni 3 × 0.33 × 0.05, yaani karibu 0.05 ya namba thabiti ya Boltzmann. Zidisha kwa halijoto ya kelvini 300 na utapata meV 1.3 kwa atomu. Hiyo ndiyo faida ambayo mitetemo inaipa metali ya punje ndogo. Sasa tazama gharama. Punje za nanomita 8 zina mita za mraba milioni 375 za mpaka katika kila mita ya ujazo, kwa sababu eneo la mpaka kwa ujazo ni 3 kugawanya kwa kipenyo. Nishati ya mpaka wa punje katika chuma ni karibu jouli 1 kwa mita ya mraba, na mita ya ujazo ya chuma ina atomu 8.5 × 10²⁸. Ukigawanya, kila atomu inabeba gharama ya karibu meV 27. Faida ni 1.3, gharama ni 27. Ukipandisha halijoto hadi kelvini 900 faida inafika 4 hivi, bado mbali sana, na kwenye halijoto hiyo punje zako zitakuwa zimeshakua kabla hujamaliza kupima.

Kwa hiyo jibu la sehemu ya pili ya swali lako ni hapana, na nakusihi uibadilishe sura hiyo badala ya kuitetea. Punje ndogo hazikai kwa sababu ya entropi ya mitetemo. Zinakaa kwa sababu atomu hazina mwendo wa kutosha kwenye halijoto ya chumba, au kwa sababu atomu za kigeni zimejikusanya mpakani zikapunguza nishati ya mpaka au zikauzuia usisogee. Hesabu hii ya 1.3 dhidi ya 27, ukiifanya kwa namba zako mwenyewe na si za kukadiria kama zangu, ni matokeo yanayojitosheleza, na nadhani yatamfaa msomaji kuliko dai ulilokusudia.

Mkokotozi alijibu:

Spektra amesema kweli kwamba niliupita upana wa kilele, na swali la Mwanafuwele linaweza kujibiwa kwa uigaji bila kubahatisha.

Chukua sampuli ileile, ishushe hadi kelvini 0, acha kila atomu itulie kabisa mahali pake, kisha ukokotoe matriki ya ukakamavu kati ya atomu na kutafuta mitetemo yake moja kwa moja bila kuziacha atomu zisogee. Katika hesabu hiyo kila mtetemo ni kamili na unaishi milele. Hakuna fononi inayogongana na fononi nyingine. Upana wowote unaobaki ni wa mpangilio wa atomu peke yake. Nitashangaa sana usipokuta sehemu kubwa ya upana imebaki. Sampuli kubwa itakuelemea ukitafuta mitetemo yote, kwa hiyo tumia sampuli ya punje chache, au tumia velositi kwenye kelvini 10, ambako atomu hazisogei kiasi cha kuona kwamba potenshali haina ulinganifu.

Lakini elewa jaribio hili linapambanua nini. Fononi inayogonga mpaka, kama alivyoieleza Spektra, haihitaji joto. Mpaka upo hata kwenye kelvini 0. Kusema kwamba wimbi linafifia kwa kugonga mpaka na kusema kwamba wimbi lililonyooka si mtetemo halali wa sampuli yenye mipaka ni kulitazama jambo moja kutoka pande mbili. Linaloondolewa na jaribio ni mgongano wa fononi kwa fononi unaotokana na joto. Kwa sababu hiyo naona hoja ya Fultz na ya atomu za mpakani hazishindani kwa atomu zako za ndani, ambako mpangilio ni kamili na kilele kimetanuka kidogo tu. Zinashindana kwa eneo la chini, na huko makundi uliyoyatenga yamekwisha kuonyesha kwamba nyongeza haikumwagika kutoka kwenye vilele vya ndani.

Mambo machache ya kiufundi yanaweza kukuharibia yote haya. Usipime ukiwa umewasha kidhibiti cha halijoto, hasa kile kinachozipiga atomu kwa nasibu, kwa sababu kinatanua vilele chenyewe. Ukishafikia kelvini 300 kizime na uache nishati ibaki ileile. Hifadhi velositi kila femtosekunde 10 au chini ya hapo. Ukihifadhi kila femtosekunde 50, masafa ya juu kabisa unayoweza kuyaona ni trilioni 10 kwa sekunde, ambayo ni meV 41, na mkia wako wote utakunjwa kurudi chini yake na kuungana na kilele unachokichunguza. Urefu wa muda nao una uzito: pikosekunde 10 zinakupa uwezo wa kutofautisha nishati kwa meV 0.4 tu, kwa hiyo kusanya pikosekunde 50 au zaidi kabla hujapima upana wowote.

Upande wa chini una mpaka wake pia. Kisanduku cha nanomita 25 hakiwezi kubeba wimbi mkingamo la nishati iliyo chini ya karibu meV 0.5, na juu kidogo ya hapo mitetemo ni michache mno kiasi kwamba mstari unaruka ruka. Ukitaka kujua kama mitetemo ya mpakani inafuata mraba wa nishati au kipeo kidogo zaidi, chora mgawanyo ukigawanywa kwa mraba wa nishati. Fuwele moja itatoa mstari ulio bapa, na atomu za mpakani zitatoa mstari unaopanda kadiri unavyoelekea sifuri. Usisome chochote chini ya meV 2 katika mchoro huo. Na kabla ya kuanza, ondoa mwendo wa sampuli nzima, maana kuteleza kidogo kwa kituo cha uzito kunazaa kilele cha uongo kwenye sifuri kabisa, nacho ukikigawanya kwa mraba wa nishati kitafunika kila kitu.

Mwanafuwele aliandika:

Nimekagua, na nilikuwa ninahifadhi kila femtosekunde 20, kwa hiyo mkia umesalimika, lakini kidhibiti cha halijoto kilikuwa kimewashwa muda wote wa kupima. Narudia kwa nishati isiyobadilika, kwa punje za nanomita 8, 12 na 20, na nitaongeza kokotoo la kelvini 0 kwa sampuli ndogo. Sura ya entropi naiandika upya kwa hesabu aliyoionyesha Halijoto, nikitumia nishati ya mpaka nitakayoipima ndani ya sampuli yenyewe.